Mwalimu Aliyeangusha Matofali

Jina lake ninalijua. Ninajua lake na la baba yake, kwa sababu mimi majina hayaniponyoki. Nikiwa msichana ningekutajia ng'ombe wa baba yangu mmoja mmoja, na mama wa kila ng'ombe, na mama wa huyo mama. Shule yangu ni gumbaru tu, niliingia nikiwa tayari na wajukuu, nikajua kusoma pole pole na kuandika kwa herufi kubwa. Kwa hivyo kila kitu changu nakiweka kichwani, na kichwani hakijaoza. Lakini jina la yule mama silitoi. Nitamwita Mwalimu, kama tulivyomwita sote pale kituoni.

Alikuwa mrefu, mkavu, na mikono mikubwa kama ya mtu mwingine. Alivaa gambuti kiangazi na masika, na kofia ya kiume. Hakuwa mtu wa hapa. Alitoka huko chini ambako mvua inajua njia, na alipofika Isiolo mara ya kwanza akatazama vumbi letu akasema, "Hapa ndipo." Hakusema hapa ndipo nini.

Kituo kilikuwa upande wa barabara ya Kipsing, ukishaiacha njia ya Leparua. Wazee walitoa ardhi, wafadhili wa ng'ambo wakaleta matangi ya maji na Mwalimu. Kazi ilikuwa kufundisha akina mama kuishi pamoja mahali pakavu bila kupamaliza: kujenga kwa udongo ule ule ulio chini ya miguu, kushika maji ya mvua yasikimbie, kupanda bila kuichubua ardhi. Kile kilimo kilikuwa na jina refu la Kizungu. Sisi tulikiita kilimo cha kufunika, kwa sababu kila siku ilikuwa funika, funika, funika.

Na ahadi ilikuwa moja. Mama atakayejenga nyumba yake mwenyewe, kuta zikakubaliwa na Mwalimu, nyumba ni yake, na kipande cha shamba, na fungu lake katika tangi. Atakayeshindwa anarudi alikotoka. Mimi nilikotoka kulikuwa ni jiko la mabati nyuma ya nyumba ya mwanangu Galgalo, mahali mke wake alinitandikia kati ya makaa na mitungi. Mbuzi wangu walikuwa wameisha katika ule ukame wa msimu juu ya msimu bila mvua. Kwa hivyo nilikwenda kwa sababu ya nyumba, si kwa sababu ya elimu.

Kabale Guyo alikwenda kwa sababu yangu. Kabale na mimi tulichunga mbuzi pamoja kabla hatujatobolewa masikio. Akaolewa Sericho, nikaolewa mjini, tukakaa miaka mingi tukisalimiana kupitia watu wa malori. Mume wake alipokufa alirudi Isiolo na ng'ombe mmoja, Magala, mwekundu wa kahawia, wa mwisho katika kundi zima. Tulipogawiwa viwanja tukaomba viwili vinavyotazamana. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, yeye ndiye anayekata fito, anayezipinda, anayefunga mikeka, na mlango huugeuzia upepo kisogo. Lakini sisi tulikubaliana kwamba mlango wangu utazame machweo kama kawaida, na wake utazame wangu, upepo upige utakavyo, ili tukizeeka zaidi tuongee bila mtu kuinua sauti. Hicho ndicho tulichokitaka. Nyumba mbili, milango ikitazamana.

*

Mwalimu hakuita mtu jina. Siku ya kwanza tulijipanga tukajitaja, yeye akiwa anapangusa koleo. Tulipomaliza akatutazama, akaanza kutugawia majina yake. Nakiru, mama wa Kiturukana aliyeng'olewa meno ya chini kwa desturi yao, akawa Pengo. Kinya, Mmeru aliyekuwa na maneno mengi, akawa Redio. Halima, wa zile familia za askari wa zamani, watu wa malori na maduka, alikuja na hina mikononi, akawa Bibi Harusi. Kabale, kwa sababu alikuwa akicheka hata akichomwa na mwiba, akawa Kicheko. Mimi ngamia alinipiga teke zamani nikabaki nachechemea. Nikawa Mguu.

"Mwalimu," nikamwambia, "mimi nina jina."

"Kila mtu ana jina. Shika jembe, Mguu."

Lakini miti aliiita. Alipita asubuhi kati ya miche akisema huyu mlonge amelalaje, huyu mkunazi ana homa, huyu mwarobaini ananidanganya. Kabale akaninong'oneza, "Mama Galgalo, tungezaliwa na majani tungeheshimiwa."

Salamu pia hakuzipenda. Halima alisema "Salaam aleikum, Mwalimu," kila asubuhi, kwa makusudi, na Mwalimu alijibu kila asubuhi, "Udongo umekauka." Hata hivyo adhuhuri ikifika yeye ndiye aliyepiga makofi. "Waislamu, maji." Alitupimia ya kutawadha katika birika, akatusimamisha kwenye mtaro wa mlonge ili yatakayoanguka yasipotee. "Mungu apate sala yake, mti upate maji yake," alisema. "Hakuna atakayelalamika." Na tukiwa kwenye swala mtu asithubutu kugonga msumari. Siku moja fundi wa tangi aligonga, na yale matusi aliyopewa tuliyasikia mpaka kwenye sijida.

Alikuwa na misemo yake, na mpaka leo inanitoka mdomoni bila kuikaribisha. *Udongo haumjui mama yako.* *Jua halina mgeni.* *Maji hupewa njia, hayafukuzwi.* Na ule alioupenda zaidi: *Ardhi iliyo uchi hainyonyeshi.*

*

Tofali letu halikuchomwa. Lilikuwa la udongo mbichi: udongo wa kichuguu, mchanga wa lagga, ule mto wetu mkavu, mavi ya ng'ombe, na nyasi kavu zilizokatwakatwa kwa panga urefu wa kidole. Vyote vinakanyagwa kwa miguu mpaka vishikane kama ugali, halafu vinatiwa kwenye fremu ya mbao, vinaachwa juani. Nyasi ndizo zinazoshika. Bila nyasi tofali linapasuka likikauka, hata ukilipaka uso uzuri.

Nilimwambia mguu wangu hauwezi kukanyaga. Akanitazama kutoka chini kwenda juu.

"Ngamia alikuachia mmoja?"

"Aliniachia."

"Mzima ukanyage. Mbovu uusimamie."

Nikakanyaga. Jioni mguu mzima ulikuwa umevimba kuliko ule mbovu. Alipita akaona, hakusema pole. Asubuhi nikakuta mahali pangu pamechimbiwa nguzo yenye tawi la kujishikilia. Nikauliza nani amechimba. Akasema, "Redio, washa habari zako mtu huyu asikie kazi imeanza."

Na tofali likishakauka lilipimwa. Hapo ndipo tulipomwogopa. Alilichukua kwenye safu bila kuchagua, akaliinua mpaka begani, akaliachia. Likianguka likabaki zima, anasogea bila neno. Likivunjika, anavunja yote yaliyotoka katika rundo lile la udongo, moja moja, na mwenyewe umesimama unatazama. Hakuwa na hasira akifanya hivyo. Ungesema anachambua mchele. Nakiru alilia rundo lake la kwanza lilipokwisha, kwa sababu alilikanyaga akiwa na homa. Mwalimu akamwambia, "Lia juu ya udongo, Pengo, tutahitaji maji ya kuurudia."

Sote tulicheka. Hata Nakiru, baadaye. Ndivyo alivyokuwa, alikuumiza na bado unamrudia kichwani kwa vile alivyosema.

Siku Kinya alipoumwa na nge, ni Mwalimu aliyemfunga mkono, akakaa naye chini ya turubai mchana mzima. Kinya alikuwa anatetemeka na kuita mama yake. "Redio imepoteza stesheni leo," Mwalimu alikuwa akimwambia, amemshika mkono na hajauachia hata kunywa chai. Kinya akapona. Asubuhi yake Mwalimu akamwonyesha udongo wake uliokauka chini ya turubai, akamwambia auloweshe, aanze upya, na mwiko wa plasta hatapewa mpaka awafikie wenzake.

Kinya akasema, "Lakini Mwalimu, jana si ulikuwa nami?"

"Jana nilikuwa na wewe. Udongo ulikuwa na nani?"

*

Yeye mwenyewe hakuwa na nyumba. Hilo lilitushangaza. Mtu aliyetufundisha kuta nene, kivuli, madirisha ya juu ya kutoa joto, alilala katika chumba cha mabati kilichokuwa stoo ya simenti. Mchana kile chumba kilikuwa tanuri. Halima akamuuliza mbona hajijengei, na mikono ipo na udongo upo.

"Nyumba ni ya mtu anayekaa," akasema. "Mimi napita."

Aliogea kwa maji ya karai, amesimama penye shina la mpapai, ili maji yashuke kwenye mizizi. Chakula chake alikula peke yake, akiwa ameupa ukuta uso. Zile sabuni za kunukia wageni wa ng'ambo walizomletea alizifungia kwenye boksi, na siku Nakiru alipompata binti yake baada ya kupotezana njiani kwenye ukame, Mwalimu alimtupia boksi zima kutoka mbali, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. "Mwogeshe. Ananuka safari."

Sasa niwaambie habari ya nyasi.

Kilimo cha kufunika kilitaka nyasi nyingi. Zilikuja kwa lori kutoka Timau, marobota kwa marobota, makavu, ya manjano, yananukia. Na yalishushwa hapa kwetu wakati mizoga ilikuwa imelala kando ya barabara tangu Kipsing mpaka mjini, na ng'ombe waliosimama walikuwa wanakula maboksi. Mwalimu akatuambia tutawanye zile nyasi chini. Kwenye mchanga. Juu ya mashimo ya mboga, kuzunguka miche, unene wa kiganja.

Jamani, mimi nimezaliwa kwenye mifugo. Kwetu mtu hasimami juu ya nyasi mbichi bila sababu, na akitaka amani anashika nyasi mkononi ili wengine waione. Mikono yangu ilikataa. Kabale alisimama na robota kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenyewe.

"Mama Galgalo," akaniambia kwa Kiborana, "huyu anavalisha mchanga nguo, na Magala anatembea uchi."

Magala alikuwa amefungwa nje ya ua chini ya mgunga, kwa sababu mifugo haikuruhusiwa ndani. Alikuwa amenyoosha shingo juu ya miiba, anatazama.

"Mwalimu," Kabale akasema, "yule ng'ombe anaona."

"Mfunge akiangalia huko."

"Tungempa hata kidogo aonje."

"Ukimpa leo atakula kesho? Kesho kutwa?" Mwalimu akainama, akachimbua kwa vidole chini ya nyasi tulizotandaza wiki zilizopita. Udongo ulikuwa mweusi, baridi, una unyevu. Mahali pasipofunikwa, hatua moja tu, ulikuwa majivu. "Nyasi hii ikienda tumboni mwa ng'ombe wako, ng'ombe atakufa ameshiba. Ikikaa hapa, mwakani mtakula. Ng'ombe amekwisha kufa, Kicheko. Amesimama tu."

Kabale akacheka. Lakini hakikuwa kile kicheko chake.

*

Nyumba zetu zilifika usawa wa madirisha. Ya Kabale ilikuwa imeitangulia yangu kidogo kwa sababu ya miguu. Ilibaki safu za juu na paa. Mwalimu akaja kupima matofali ya mwisho, akaanza na yangu. Likaanguka, likabaki. La Halima likabaki. Akachukua la Kabale, zuri, lina uso laini kama limepakwa mafuta. Akaliachia, likawa unga.

Akachukua la pili. Unga. La tatu hakuliangusha. Alilivunja kwa mikono juu ya goti, akalitazama ndani, akalinusa. Halafu akaenda nje ya ua, sisi nyuma yake, mpaka chini ya mgunga. Magala alikuwa amelala, na mbele yake kulikuwa na karai. Mwalimu akaingiza mkono, akatoa mabaki, akatuonyesha kiganjani. Nyasi zimekatwakatwa kwa panga, urefu wa kidole. Nyasi za malishoni hakuna anayezikata hivyo. Zile zilikuwa nyasi za tofali.

Kabale alikuwa akizipokea zake kama sisi, kipimo sawa, akazifunga katika leso, akakanyaga udongo mtupu. Nyufa alizifunika kwa kiganja chenye maji. Hakuiba cha mtu. Alichukua fungu la ukuta wake akampa ng'ombe wake. Niambieni mtu gani angekosa hivyo isipokuwa mtu wa kwetu.

"Kicheko," Mwalimu akasema, na sauti ilikuwa ya kawaida, "ng'ombe wako anakula nyumba yako."

"Nyumba itangoja, Mwalimu. Ng'ombe hangoji."

"Ukuta usio na nyasi utakuangukia umelala."

"Basi uniangukie, na Magala awe hai wa kunililia."

Nakiru akacheka, Kinya akacheka. Mimi nilimtazama Mwalimu usoni na sikucheka.

"Funga vitu vyako," akasema. "Kiwanja kimerudi."

Halima akaanza, "Mwalimu, kwa jina la Mungu, sisi tutampunguzia, kila mtu kidogo kidogo—"

"Mpunguze nini? Ukuta wako? Nikimwacha huyu, mwezi ujao ninyi nyote mtakuwa na ng'ombe wa kulishwa, ng'ombe au mbuzi au shangazi. Halafu mvua ije iwazike wote. Nani anataka kwenda naye? Nafasi iko."

Nikafungua mdomo. Kabale akanishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia. "Nyamaza, Mama Galgalo," akasema kwa Kiborana. "Mmoja wetu abaki na nyumba. Nitakuja kulala kwako."

Na haikuishia hapo, ingawa ingetosha. Mwalimu hakuacha udongo ulale bure. Alituambia tuibomoe nyumba ya Kabale siku ile ile, yeye akiwa bado anafunga mzigo. Tukaishusha tofali kwa tofali mpaka kwenye msingi wa mawe. Tukailowesha, tukaitia nyasi, kipimo kamili, tukaikanyaga. Kabale alikaa juu ya mzigo wake akitutazama. Mara moja tu akasema, "Kanyaga vizuri, Mguu," kwa ile sauti ya Mwalimu kabisa, na hapo sote tulicheka mpaka tukashikana mabega. Mwalimu alikuwa amesimama pale pale. Akageuka akaenda kumwagilia mpapai.

Fungu langu la yale matofali lilitosha safu za juu za ukuta wangu, wa upande wa mlango.

Paa langu lilikuwa bado, kwa hivyo Kabale alirudi Sericho kwa watu wa marehemu mume wake, akimswaga Magala kwa miguu, kwa sababu lori halikumkubali ng'ombe aliyedhoofika vile. Habari alituletea mpwa wa Halima, dereva wa njia ile. Magala hakufika hata Garbatula. Kabale alifika, lakini alifika na kifua, akalala, hakuamka na kile kifua. Mvua ilikuja yeye akiwa ameshazikwa.

Siku ya habari ile tulikaa chini kazini, hakuna aliyeinua jembe. Mwalimu alikuja, akaambiwa. Kisha akaenda kwenye safu ya matofali, akaliinua moja mpaka begani.

"Hili la nani?" akasema.

*

Na alikuwa sahihi. Hapo ndipo panaponiuma.

Mvua ilipokuja haikuja kama mvua, ilikuja kama kisasi. Mjini nyumba za udongo zilikaa chini kama ngamia. Lagga ilibeba choo, ilibeba duka la chuma, ilibeba mabati ya jiko lile la mkwe wangu. Kituoni maji yaliingia kwenye mitaro tuliyochimba tukimlaani, yakazunguka, yakakaa, yakazama. Kuta zetu juu ya mawe yake, chini ya paa lake pana, hazikutoa hata ufa. Mahali palipofunikwa nyasi, mboga ziliota mpaka tukagawa. Nyumba ya Kabale, kama ingejengwa kwa yale matofali yake, ingemuua. Ninajua. Nimelala chini ya paa hili mvua ikipiga nikalifikiria hilo, na halinisaidii.

Wafadhili walichoka, wakaenda kwingine. Mwalimu naye akaenda siku moja na gambuti zake bila kuaga. Tulibaki sisi. Mimi nikawekwa msemaji wa viwanja kwa sababu ya umri, na kwa sababu sisahau nani alisema nini. Kiwanja cha mbele yangu hakuna aliyekigusa. Msingi wa mawe upo, mlango wa hewa unatazama mlango wangu. Wajukuu wakija wanaruka ruka juu yake. "Akko, hapa ni kwa nani?" wananiuliza. Nawaambia, kwa Kabale Guyo.

Mwalimu alirudi mwaka huu, kiangazi. Alishuka barabarani kutoka kwenye pikipiki, akaja kwa miguu. Gambuti zile zile. Lakini mikono ilikuwa imekwisha, chokaa na umri vimevikunja vidole, hata kikombe alikishika kwa viganja. Nilimpa kiti kivulini, nikamtilia chai. Sikuwa na haraka ya kumuuliza.

Akaizungusha shingo akitazama ukuta wangu. Kisha akainuka, akaweka kiganja karibu na dirisha.

"Hapa ni Nakiru alikusaidia," akasema. "Anakandika kwa kisigino cha mkono. Hapa ni Kinya, ana haraka. Hii plasta ya Halima." Akapandisha mkono juu ya mlango, akauacha pale. "Na huu ni udongo wa Kabale."

Niliweka birika chini.

"Kabale Guyo," akasema. "Ng'ombe wake Magala. Alifika Sericho akiwa na hali gani?"

"Ulikuwa unatujua majina."

"Tangu siku ya kwanza. Mlijitaja, nikasikia."

"Na wewe ukatuita Mguu, Pengo."

Akarudi kwenye kiti pole pole. "Nilijua kuna mtu nitamfukuza," akasema. "Lazima awepo, ili wengine washike. Mtu ukishamwita jina lake, Adhi, kumfukuza kunakushinda."

Adhi ni mimi. Miaka yote ile sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Sasa nililisikia na nikajua amekuja kuomba kitu.

Alikiomba akitazama chini. Chumba alichokuwa akilala huko kwao kimeuzwa na mwenyewe. Ndugu hana. Mikono haifanyi kazi tena, lakini kichwa kinafanya, ataelekeza, wanawake wajenge. Kiwanja kimoja tu. Akaonyesha kwa kidevu, kwa sababu vidole havinyooki, ule msingi wa mbele yangu. "Mawe niliyapanga mimi," akasema. "Ni msingi mzuri. Milango itatazamana, tutaongea."

"Ulisema unapita."

"Nilisema."

"Kile ni cha mtu."

"Mtu amekufa, Adhi."

Nilimtazama. Kinywa changu kilikuwa na jina lake tayari, lote, lake na la baba yake. Lilikuwa limekaa pale juu ya ulimi. Na ningelitaja ningemwambia aingie ndani, kwa sababu alilosema ni kweli, kama yalivyokuwa kweli yote aliyosema. Nikalimeza na chai.

"Wewe," nikamwambia, "kunywa umalize. Jua likipoa kidogo pikipiki zinapita. Barabara unaijua."

Alikunywa, akamwaga masalio kwenye shina la mlonge, akakifunika kikombe juu ya jiwe kwa viganja vyake viwili. Alipofika kwenye pembe ya nyumba alisimama, akapiga msingi kwa ncha ya gambuti.

"Kona hii imeanza kunywa maji," akasema bila kugeuka. "Ipake chokaa kabla ya masika."

Akaenda. Nilimtazama mpaka vumbi likamfunga. Asubuhi nilipiga magoti, mguu mbovu ukilalamika, nikaikwaruza ile kona kwa ukucha. Udongo ulikuwa laini, una unyevu, kama alivyosema. Nikaenda kutafuta chokaa.